Eliya Hakukemewa, Alipikiwa

Kuna jambo nimekuwa nikitaka kuliandika muda mrefu na leo acha nilitoe tu hata kama litakuwa refu. Sisi watu wa kanisani tuna namna yetu ya kumshughulikia mtu aliyevunjika moyo, na mara nyingi namna hiyo inamuumiza kuliko hata lile lililomvunja. Mtu anakuja anasema ndugu yangu mimi nimechoka, sioni mbele, hata kuomba siwezi, na kabla hajamaliza tushamrushia mstari, tushamwambia kiri ushindi, kataa hiyo roho ya kukata tamaa, mwaka huu ni mwaka wako. Mistari yenyewe ni ya kweli, mimi naiamini yote, Isaya 41:10 imenishika mkono mara nyingi. Lakini yule mtu anaondoka pale na mizigo miwili, ule aliokuja nao na huu mpya wa kuambiwa, hata kama si kwa mdomo, kwamba Mkristo wa kweli hangefika hapa alipofika.

Mimi naamini, na naamini kwa kusoma Biblia hii hii tunayosoma wote, kwamba imani haimkingi mtu asivunjike moyo. Na Mungu akimkuta mtu wake amelala chini hataki kuendelea, la kwanza analofanya ni kumlisha. Nitaeleza nilipoyapata haya manake sikuyapata kwenye semina.

Mwaka 2020 nilikuwa beka kwenye hoteli moja ya ufuoni huku Pwani. Saa tisa usiku nishaingia, nachanganya ngano, nakanda, nauacha unga uumuke, wageni wakiamka mikate ya moto iko mezani. Kazi niliipenda sana, nilikuwa naimba tenzi huku nakanda na wenzangu walishanizoea. Machi corona ikaingia Kenya, tarehe 25 mwezi huo huo ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na hoteli za Pwani zinaishi kwa hizo ndege, mara moja vyumba vikabaki vitupu. Tukaambiwa twende likizo isiyo na malipo. Halafu likizo ikageuka barua, na barua yenyewe ililetwa kwa WhatsApp, picha ya karatasi iliyopigwa upande, hata jina langu lilikuwa limekatika mwisho.

Aprili tarehe 8 Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Makanisa yalikuwa yamefungwa tayari, Pasaka ya mwaka ule tuliisali nyumbani na redio. Halafu Mei baba akafariki. Kwetu ni Taita, siku za kawaida ukipanda gari asubuhi mchana ushakula nyumbani. Nilizunguka kutafuta kibali cha kwenda kumzika, ofisi hii inanituma ile, na kibali hakikutoka kwa wakati, baba akazikwa na watu wachache kama masharti yalivyokuwa, mimi niko Kisauni hapa Mombasa nimeshika simu, shemeji amewasha video na mtandao wa milimani unakatika katika, naona udongo, naona mkono wa kasisi, halafu kale kaduara kanazunguka, kanazunguka, nikaona udongo tena na watu washaanza kuondoka.

Baada ya hapo nililala. Sio usingizi, kulala tu, natazama neti. Mke wangu alikuwa anatoka na mboga anarudi na chochote alichopata na mimi niko vile vile. Simu za watu wa kanisani zikiita sizipokei. Biblia ilikuwa juu ya friji naiona kutoka kitandani na sikuwa na ubaya nayo, ila mkono haukuwa na nguvu ya kwenda kuichukua. Nikijaribu kuomba kinachotoka ni kwa nini, kwa nini, basi, siendi mbele zaidi ya hapo.

Nyumba tuliyopanga ni hizi za vyumba vinavyotazamana na ua mmoja nyuma. Chumba cha mbele anakaa mama mmoja mtu mzima, Mwislamu, na Ramadhani ilikuwa imeingia. Jua likizama alikuwa anamtuma mjukuu wake na sahani imefunikwa kawa, mbaazi za nazi na mahamri, siku nyingine tambi, siku nyingine mkate wa kumimina. Na wao walikuwa hawana, mtoto wake alikuwa wa baharini kwenye boti za watalii, kazi imekufa kama yangu. Siku ile ya mazishi alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kigoda pale mlangoni na bakuli la uji wa pilipili manga, akaniambia, "Pole mwanangu. Kulia utalia, lakini kunywa hiki kwanza." Nikamwambia mama sina hamu. Akasema, "Najua." Akabaki pale pale. Hakuniuliza mbona umelala, hakunipa nasaha yoyote, alikaa mpaka nikanywa lile bakuli likaisha ndio akachukua chombo chake akaenda kuswali.

Ni baada ya siku chache hivi nikaichukua ile Biblia, na sikuwa natafuta kitu, nikaangukia 1 Wafalme 19, habari ya nabii Eliya, sura ambayo nimeisikia ikihubiriwa tangu Sunday school. Nakwambia nilikuwa sijawahi kuisoma.

Sura ya 18 yake ndiyo ile ya mlima Karmeli. Eliya peke yake, manabii wa Baali 450, moto unashuka, watu wanaanguka kifudifudi, mvua inanyesha baada ya ukame wa miaka, na Eliya anakimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli, mtu ana nguvu za ajabu. Sisi wahubiri wetu wanaishia hapo. Ukifungua ukurasa, Yezebeli mke wa Ahabu anamtumia salamu moja tu, kesho saa kama hizi nawe utakuwa umekufa, na mtu yule yule aliyesimama mbele ya 450 anakimbia mpaka Beer-sheba huko Yuda, hapo ni kama kilomita 150, anamwacha mtumishi wake mjini, halafu anaingia jangwani mwendo wa siku moja peke yake. Hapo pa kumwacha mtumishi nilisimama. Manake ndivyo tunavyofanya, mtu akivunjika moyo anayemwacha wa kwanza ni yule anayetembea naye, hutaki akuone.

Akaketi chini ya mretemu, hivi vichaka vya jangwani visivyo na kivuli cha maana, akaomba afe. "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu, kwa kuwa mimi si mwema kuliko baba zangu." Hayo ni maombi ya nabii, mtu aliyefufua mtoto wa mjane, mtu ambaye baadaye hata kufa hakufa, alichukuliwa na gari la moto. Na yameandikwa mle ndani bila kuonewa aibu. Kama huyu imani yake ilikuwa haba basi sijui nani kati yetu anayo.

Sasa angalia jibu. Malaika anamgusa, anamwambia, "Inuka, ule." Basi. Hakumwuliza mbona unakimbia mwanamke mmoja. Hakumkumbusha moto wa juzi. Eliya anatazama, kichwani pake kuna mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji.

Mimi ni mwokaji na mstari huu nikausoma kama mwokaji. Mkate wa makaani hauji hivi hivi. Lazima mtu aokote kuni, awashe, angoje ndimi za moto ziishe zibaki makaa, manake ukiweka kwenye moto unaowaka unaungua nje na ndani ni ubichi. Wakati makaa yanashika unakanda unga na maji na chumvi, unautandaza, unaulaza, unaugeuza, unakung'uta jivu. Ni kazi ya kuchuchumaa na macho yanawasha moshi. Na Zaburi ya 120 inataja makaa ya mretemu kama makaa makali, kwa hiyo pengine, Biblia haisemi lakini mimi napenda kuwaza hivyo, mkate ulipikwa kwa kuni za mti ule ule aliokuwa amelala chini yake akiomba afe. Vyovyote ilivyokuwa, mtu alikuwa anapikiwa akiwa amelala. Mungu angeweza kumshushia nguvu tu mwilini, hilo halimshindi, yeye akachagua mkate wa moto na maji.

Na kitu kingine ambacho sijawahi kusikia kikihubiriwa, Eliya alikula, akanywa, akajilaza tena. Hakuinuka na kupiga haleluya. Alilala tena, na malaika akamwacha alale, akaja mara ya pili na chakula tena, na safari hii akasema neno ambalo lilinitoa machozi pale kitandani, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Kubwa mno kwako! Mungu alikubali kwamba mzigo umezidi. Watu walikuwa wananiambia Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, na hapa malaika wa BWANA anasema wazi hii imekuzidi ndio maana nimekuletea chakula.

Nikamkumbuka yule mama na uji wake. Nikamkumbuka pia mjane wa Sarepta kwenye sura ya 17, konzi moja ya unga kwenye pipa na mafuta kidogo kwenye chupa, mwanamke wa nchi ya Sidoni, yaani huko huko alikotoka Yezebeli, si Mwisraeli, na Mungu alimtuma nabii wake akale kwa huyo. Sitaki kusema mengi hapa, imani yangu na ya jirani yangu si moja na sote wawili tunajua, lakini mimi nasema bila kuogopa kwamba mwaka ule Mungu wangu alinilisha kwa mkono wa yule mama.

Eliya anatembea siku arobaini mpaka mlima Horebu, anaingia pangoni, Mungu anamwuliza, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Anajibu, nimebaki peke yangu, wananitafuta waniue. Upepo, tetemeko, moto, halafu ile sauti ndogo ya utulivu. Mungu anauliza tena swali lile lile, na Eliya, baada ya kuisikia hiyo sauti, anajibu maneno yale yale, linganisha mstari wa 10 na wa 14 ni neno kwa neno. Yaani alikutana na Mungu ana kwa ana na bado alikuwa amevunjika moyo. Hii inanipa amani sana, manake sisi tunafikiri ukiguswa na Mungu Jumapili basi Jumatatu lazima uamke mzima, na usipoamka mzima unaanza kujiuliza kama kweli uliguswa.

Alichopewa pale ni vitu vitatu. Kazi, nenda ukawapake mafuta Hazaeli na Yehu wawe wafalme. Mwenzake, Elisha mwana wa Shafati, huyo amkute shambani akilima na ng'ombe. Na habari, kwamba wako watu elfu saba Israeli ambao magoti yao hayajamsujudia Baali, hauko peke yako kama unavyosema. Hisia zake Mungu hakuzigombeza hata mara moja, ila ile hesabu ya "nimebaki peke yangu" aliisahihisha.

Hapo kwenye elfu saba nitakaa kidogo manake huku kwetu kuna watu wawili ambao nikiwaza habari hii nawakumbuka. Ukienda upande wa Mkomani, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuna kaburi la Rosina Krapf. Mumewe Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, chama cha wamisionari wa Anglikana Uingereza, alifika naye Mombasa mwaka 1844 baada ya kufukuzwa Ethiopia. Julai mwaka huo huo Rosina akajifungua mtoto wa kike, homa ikamshika, akafa, na siku chache mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa amelala na homa hiyo hiyo, hana Mkristo mwenzake mji mzima, hana mtu hata mmoja aliyeamini. Wengi tunamjua Krapf kama jina la kwenye kitabu cha historia, mmisionari wa kwanza, basi. Mimi namwona kwenye kile chumba, mke amezikwa, mtoto amezikwa, na yeye anatetemeka.

Na alichofanya alipoweza kuinuka ni kurudi kwenye kazi ndogo ya mezani. Alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, tena Mwislamu huyu naye, ona jinsi Mungu anavyofanya mambo yake, na akaendelea siku baada ya siku, neno moja moja. Miaka miwili baadaye ndio akaletewa mwenzake, Johannes Rebmann, 1846, wakapanda Rabai, huku vilimani nyuma ya Mombasa, kuanza misheni wote wawili wakiwa wagonjwa wa homa. Rebmann ndiye aliyepita kwetu Taita akauona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akaandika kwamba kuna theluji juu ya mlima karibu na ikweta na wasomi wa Ulaya wakamkatalia. Hata hilo aliloona kwa macho yake hakuaminiwa.

Mtu wa kwanza kuamini kule Rabai alikuwa Mringe, maskini, mlemavu, na alibatizwa akiwa karibu na kufa. Hebu fikiria hilo, umengoja miaka, umezika, umeugua, na mtu wako wa kwanza unambatiza leo na unamzika muda si mrefu. Krapf afya ikamshinda akarudi kwao 1853. Rebmann akabaki mpaka 1875, karibu miaka thelathini, mkewe Emma naye alizikwa huku, macho yakamwishia taratibu, na alipoondoka alikuwa kipofu na Wakristo wa Rabai bado ni wa kuhesabika. Mwaka uliofuata akafa huko Ujerumani.

Leo mimi naingia kanisa la Anglikana Kisauni limejaa mpaka watu wanakaa nje kwenye viti vya plastiki, nafungua Biblia ya Kiswahili, na Taita karibu kila kilima kina kanisa. Rebmann hakuona hata moja ya hayo. Sisemi kwamba hii inafuta machozi yake, haifuti, mtu aliishi ile miaka akiwa na matunda machache na giza machoni. Nasema kwamba elfu saba wake walikuwepo, ila wengi wao walikuwa hawajazaliwa, na mimi ni mmoja wao. Nikiona kazi yangu ya Mungu haisogei, kwaya ya vijana imebaki na watu wachache, au mtu niliyemuombea hajabadilika, siwazi tena kama zamani kwamba labda Mungu hayumo.

Tukirudi kwenye Biblia, ukishaanza kutafuta utashangaa wako wangapi. Yeremia sura ya 20, mstari wa 13 anasema mwimbieni BWANA, msifuni BWANA, na mstari wa 14 unaofuata hapo hapo anailaani siku aliyozaliwa. Hakuna hata mstari mmoja kati ya sifa na laana, na vyote viwili vimeandikwa. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna ile "lakini nitakusifu" ya mwisho tuliyoizoea, imeachwa hivyo hivyo, na ni wimbo, watu waliuimba hekaluni pamoja. Ina maana kwenye ibada ya Israeli palikuwa na nafasi ya mtu ambaye bado hajatoka. Sisi kipindi cha ushuhuda tunampa kipaza sauti aliyetoka tu.

Na Paulo, yule wa furahini siku zote, anawaandikia Wakorintho kwenye waraka wa pili kwamba kule Asia walilemewa kuliko nguvu zao "hata tukakata tamaa ya kuishi." Mtume. Halafu sura ya 7 anasema nje palikuwa na vita, ndani hofu, na Mungu mwenye kuwafariji wanyonge akatufariji, kwa nini? "Kwa kuja kwake Tito." Sio kwa maono. Sio kwa sauti. Mtu alikuja, alikuwa na vumbi la safari, labda aliomba maji ya kunywa, na kuja kwake kukawa ndiyo faraja ya Mungu yenyewe. Nimewaza sana habari ya huyu Tito, sijui kama yeye mwenyewe alijua kwamba kule kufika kwake kulikuwa faraja hivyo.

Na Bwana wetu, Mathayo 26, alipofika Gethsemane aliwaambia rafiki zake waziwazi, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Aliomba akaliwe karibu. Mwana wa Mungu hakuona haya kuomba hilo, na mimi nilikuwa nazima simu.

Nikarudi kupokea. Wa kwanza kumpigia alikuwa mzee mmoja wa kanisa letu, nikamwambia baba mimi siko sawa, sio kidogo, siko sawa kabisa, hata wazo la kwamba afadhali nisingekuwepo limekuja. Alinyamaza kidogo akasema asante kwa kuniambia, kesho tunaenda wote kumwona daktari. Tukaenda, barakoa usoni, kwenye zahanati, nikapata mtu wa kuongea naye, na nilikwenda tena na tena. Nalisema hili kwa makusudi kwa sababu wako watu wanafikiri ukienda kwa daktari wa mambo ya akili umemkana Yesu. Mungu aliyetumia mkate na usingizi kwa nabii wake hachukii dawa wala mshauri. Mtu akifika pale pa "uiondoe roho yangu" asiachwe peke yake hata usiku mmoja, apelekwe hospitali, na maombi yaende naye huko huko.

Kuomba kulirudi polepole na kwa kuazima. Sikuwa na maneno yangu nikatumia ya Zaburi ya 42, "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu." Maneno hayo yanarudi mara mbili kwenye zaburi hiyo na mara ya tatu mwisho wa zaburi ya 43, kwa hiyo hata huyo mwenye kuyaandika ilibidi ajiambie tena na tena, haikumwingia mara ya kwanza. Nilikuwa nayasema asubuhi nikiwa nakanda, manake nilirudi kukanda, nilianza na jiko la makaa na sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, mikate michache, mke wangu akaiweka pamoja na mboga zake. Ulikuwa mkate wa kawaida, wa kwanza uliungua upande mmoja lakini uliuzika. Mungu alinipa kazi inayotoshana na nguvu nilizokuwa nazo, na nguvu zikaongezeka kidogo kidogo nikiwa ndani ya kazi.

Hoteli haikuniita tena mpaka leo. Julai barabara zilipofunguliwa nilikwenda Taita nikasimama pale kwa baba na ndugu zangu, tukasali, nikalia ile ya kweli. Bado ziko siku naamka na ule uzito, sitaki mtu asome hapa akafikiri niliombewa ukaisha. Nikiamka nao sasa nafanya yale yale, nakula, namwambia mke wangu leo ni leo, nasema zaburi yangu, naenda kukanda, na nikilala mchana nalala bila kujihukumu.

Kwenye fellowship yetu ya nyumba kwa nyumba tulikubaliana kitu kimoja, kwamba kipindi cha ushuhuda mtu anaweza kusimama akasema bado. Bado sijapata kazi, bado naumwa, bado sijaelewa Mungu anafanya nini, na anaketi na tunamshika mkono. Mwanzoni watu waliona ni ajabu, wengine walisema tunakaribisha kushindwa ndani ya nyumba ya Mungu, kuna dada mmoja alitoka kabisa kwa ajili ya hilo na nilihuzunika. Wengi wamebaki. Wiki iliyopita mama mmoja ambaye mwanawe wa kwanza ameondoka nyumbani na haijulikani aliko alisimama, akasema bado, akashindwa kuendelea. Tukakaa naye mpaka usiku, akasema hajawasha moto jikoni kwake tangu mtoto alipotoka. Tukapanga zamu ya kumpikia, kila nyumba siku yake, mimi na mke wangu tumechukua Jumanne na Ijumaa.